Kachumbari Yenye Maneno

Ninyi mnaoanza kazi ya jiko, sitawaambia mpende chakula. Kupenda kutakuja kwenyewe, au hakutakuja. Ninachowaambia ni mshuku. Shukuni njugu zilizokaa dukani wakati wa mvua. Shukuni ndimu yenye ganda gumu, na pilipili ndogo zaidi ya ile kubwa. Mtu akikusifu kabla hajameza, mshuku huyo pia. Maisha yangu yote ya kazi nimewapikia watu hapa Voi na kandokando yake, na sijawahi kumdhuru mtu. Si kwa sababu nina mkono mzuri. Ni kwa sababu sikuamini kitu mpaka kifike ulimini.

Lakini shaka ina makali pande mbili, na kuna wakati mimi ndiye niliyeshukiwa, kwa ajili ya kachumbari ya papai bichi, na karibu binti yangu Wakesho akose mume. Hayo nitayafikia. Kwanza mjue nilivyofundishwa.

Aliyenifundisha ni Mzee Kombo, mpishi mkuu wa nyumba ya wageni katika shamba moja la mkonge, chini kidogo ya Mwatate. Alikuwa mtu wa pwani, mrefu, msafi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko reli. Mimi nilikuwa nimetoka Ronge na Kidawida changu, lugha ya kwetu Taita, na Kiswahili cha kuombea maji tu. Siku ya kwanza alinipa kikombe kitupu na trei ya mayai.

"Kila yai lihojiwe peke yake," akasema. "Livunje kikombeni, linuse, ndipo limwage bakulini."

Niliona ni kupoteza wakati. Alipotoka kwenda stoo nikaanza kuyavunja moja kwa moja juu ya mengine. La mwisho lilikuwa viza. Bakuli zima likaharibika, na wageni walikuwa wamekwisha kukaa mezani wakingoja kitamtamu chao. Mzee Kombo aliporudi hakunigombeza. Alinusa kutoka mlangoni, akakiokota kile kikombe, akanirudishia mkononi.

"Mwanangu, sufuria haina rafiki," akasema. "Ukiipa mgongo, itakusengenya kwa wageni."

Jambo lingine alilonifundisha ni kwamba mpishi hali mbele ya mgeni. Anaonja jikoni kwa kijiko chake, anajifuta mdomo, anatoka na uso usiosema kitu. Sheria hiyo niliishika miaka mingi.

Miaka ya sabini nililiacha shamba la mkonge nikapata kazi hapa Voi mjini, kwa mhandisi wa maji kutoka Thailand. Bwana huyo alishughulikia mifereji ya mashamba upande wa Mboghoni, kwa hiyo wiki nzima alikuwa huko matopeni. Nyumbani alibaki mke wake na mtoto wao wa kike, Noi. Yule mama tukamwita Mama Noi, na jina lake lenyewe sikuthubutu kulitamka, maana kila nikijaribu alicheka.

Asubuhi ya kwanza aliniambia, "Leta papai bichi."

Nikadhani amejifunza Kiswahili kitabuni na kuchanganya maneno. Nikaenda sokoni nikaleta papai lililoiva vizuri, lenye harufu. Akatikisa kichwa. "Bichi." Nikaleta la rangi mbili. "Bichi, bichi!"

Ninyi wenyewe mnajua neno hilo lilivyobebeshwa mzigo. Kuni zisizokauka ni mbichi. Nyama isiyopikwa ni mbichi. Samaki aliyevuliwa leo ni mbichi, na huyo tunamsifu. Lakini papai bichi kwetu lilikuwa na kazi moja tu jikoni: utomvu wake hulainisha nyama ya dume mzee. Zaidi ya hapo, mama zetu walituambia kwamba mwanamke mwenye mimba asilikaribie, isije ikaharibika. Kwa hiyo nilipolileta la kijani kabisa, likidondosha maziwa, nilimuuliza ni nyama gani tutakayopika.

"Hakuna nyama," akasema. "Tunakula hii."

Nilitoka nje nikasimama kidogo. Nilifikiri: ama mama huyu hajui alichokishika, ama anakijua sana. Yote mawili yalinitia wasiwasi.

Sasa sikilizeni jinsi linavyotengenezwa, kwa sababu tangu hapo nimeona watu wengi wakiliharibu. Chuna ganda, lisimamishe utomvu uchuruzike, lioshe kwa maji ya chumvi. Usilikwaruze kwa kile kikwaruzio cha karoti. Litatoa maji na kuwa uji. Lishike kwenye kiganja, ulikatekate kwa kisu kizito, mikato mingi ya urefu, karibukaribu, kisha ulichonge juujuu. Nyuzi zitaanguka zenyewe, nyembamba na kavu. Kwenye kinu weka kitunguu saumu na pilipili, uponde. Fuatisha kipande cha sukari guru, maganda machanga ya kunde yaliyokatwa, nyanya, njugu za kukaanga na uduvi, wale kamba wadogo waliokaushwa wa Mombasa. Kamua ndimu. Papai liingie mwisho.

Mara ya kwanza niliposhika mchi nilitwanga kama mtu anayekoboa mahindi ya pure, yale ya kupikwa na maharagwe. Mama Noi akachungulia kinuni, akachukua kijiko, akanionyesha ule uji.

"Hii ya mtoto," akasema. "Noi ana meno."

Mchi hapo haupigi, unabembeleza. Mkono mmoja unashusha mchi, mwingine unageuza kwa kijiko, ili nyuzi zichubuke zinywe mchuzi bila kuvunjika.

Kuonja kwake nako kulikuwa kwa namna yake. Hakusema chumvi imepungua au ndimu imezidi. Aliniwekea kidogo kiganjani na kuuliza, "Nini iko mbali?" Chumvi, ndimu, sukari na pilipili kwake walikuwa watu wanne waliokaa sebuleni, na kazi ya mpishi ilikuwa kuhakikisha hakuna aliyekaa mbali akinuna. Nilimwona kama anacheza. Baada ya muda nikagundua kwamba swali hilo ni bora kuliko lolote nililowahi kuulizwa jikoni, kwa sababu halikuruhusu kusema "ni tamu tu."

Mzee Kombo alikuja kunitembelea akiwa safarini kwenda Mombasa. Nikamwonjesha. Alitafuna kwa muda mrefu, macho yakimtoka, akaomba maji, akaonja tena.

"Hii ni kachumbari," akasema mwishowe, "lakini kachumbari yenye maneno. Ukiimeza inakujibu."

Nilijifunza na mengine. Nyama ya kuchoma iliyokatwa nyembamba, ikachanganywa na vitunguu, nanaa na ndimu, kisha ikanyunyiziwa mchele uliokaangwa bila mafuta mpaka ukawa kahawia na kupondwa. Unga huo ni kitu kidogo, ila bila huo nyama inateleza tu mdomoni. Mchuzi wa nazi wenye mchaichai na tangawizi. Na wali wa kukaanga, ambao ulinipa taabu, kwa sababu Mama Noi aliutaka wali wa jana. Kwetu kumpa mgeni kiporo ni kumtukana. Siku moja wageni wa mhandisi walikuja, na mmoja wao, mwenyeji wa hapa, aliniona nikitoa wali uliolala kwenye friji ya mafuta ya taa. Alimnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakala mkate. Sikuwalaumu. Wali wa moto hushikana kaangoni, uliolala hutengana punje kwa punje, hilo ni kweli. Lakini kwa joto la Voi, wali uliolala mezani unaweza kukulaza hospitali. Ni lazima uutandaze kwenye sinia upoe upesi, kisha uingie baridini. Yule mgeni hakuniona nikifanya hivyo. Aliona kiporo.

Basi, katika vyakula hivi vyote kuna kitu kimoja kinachobeba chumvi, nacho ni maji ya samaki. Mama Noi alikuja na chupa zake kutoka kwao, na zilipokwisha tukatafuta mpaka Mombasa bila kupata. Nikamletea sosi nyeusi ya soya. Akaionja, akaiweka chini.

"Nyeusi," akasema. "Haisemi kitu."

Akaamua kuyatengeneza mwenyewe. Samaki wadogo walitoka Ziwa Jipe, wakatiwa chumvi pale pale ufukoni, wakaja kwa gari moshi la Taveta. Vipimo vitatu vya samaki kwa kimoja cha chumvi, ndani ya mtungi wa udongo, jiwe zito juu ili samaki wasielee, kitambaa, kifuniko, kisha jua. Mtungi uliwekwa nyuma ya nyumba yao. Haukukaa hata wiki. Majirani walimtumia mhandisi ujumbe wa heshima uliouliza kama kuna mnyama aliyekufa kwenye dari.

Mama Noi akanitazama. "Kwako kuna jua?"

Kwangu kulikuwa na jua na mawe, na jirani wa karibu alikuwa mbali kidogo. Nikakubali. Mke wangu, Mama Wakesho, alipouona mtungi ukishushwa kwenye mkokoteni aliziba pua kwa leso.

"Baba Wakesho, umeng'oa Ziwa Jipe ukaniletea nyumbani?"

"Ni kazi."

"Kazi huachwa kazini. Hii imekuja kulala."

Mimi mwenyewe sikuuamini ule mtungi. Kila asubuhi niliufunua na kuunusa. Jifunzeni tofauti hii, maana haiandikwi popote: samaki aliyeoza kwa kuharibika hupanda juu ya koo na kukutapisha, samaki anayeiva kwa chumvi hukaa chini ya pua, mzito, kama samaki wakavu wa ng'onda sokoni. Harufu ikipanda, mwaga. Ikikaa chini, ngoja. Nilingoja miezi. Mchana jua likiwa kali mtungi ulitoa mapovu, ukawa unasema peke yake pale nyuma. Mwishowe maji yakaanza kukaa juu, ya rangi ya chai ya rangi, maangavu kabisa. Niliyachuja kwa kitambaa na kuyatia kwenye chupa tupu za bia, nilizonunua kwa watu wa chupa. Nilizichagua kwa makusudi: kioo cha kahawia huzuia mwanga, na mwanga huyaharibu.

Hebu sasa simameni upande wa pili wa ua. Mnaona mtungi umefunikwa, una jiwe, unachemka bila moto. Mnaona mwanamume mzima akiinama na kitambaa na mrija, akijaza chupa za bia. Mngesema ninafanya nini?

Askari wawili wa chifu walikuja mchana.

"Fungua," akasema mkubwa wao.

"Ni samaki."

"Mzee, samaki hachemki bila moto. Fungua."

Nikafungua. Alichovya fimbo yake, akaisogeza puani, akarudi nyuma hatua kadhaa, akakaa juu ya jiwe. Mwenzake alikuwa amekwisha kufika barabarani.

"Mzee," akasema akiwa amejishika kifua, "hii si chang'aa. Hii ni maiti. Funika!"

Tulicheka sana jioni ile, mimi na mke wangu. Tulicheka mapema. Watu huwaona askari wakiingia, hawawaoni wakitoka. Kufikia Jumapili habari iliyozunguka Voi ilikuwa fupi na safi: Baba Wakesho amevamiwa kwa ajili ya pombe. Kanisani watu walinisalimu kwa ncha za vidole.

Hilo ningelivumilia. Lakini wakati huo Wakesho alikuwa ameposwa na kijana anayeitwa Barasa, karani wa reli, mtu wa magharibi, mpole. Barasa hakuwa na baba. Baba yake alikufa kwa chang'aa, na hakufa upesi. Aliyemlea ni dada ya baba yake, ambaye sasa alikaa naye hapa Voi, upande wa pili wa reli. Kwao shangazi huitwa senge, na sisi sote tukamwita Senge. Mama huyo alikuwa ameapa mbele ya jamaa zake kwamba mtoto wa ndugu yake hataoa katika nyumba inayopika pombe. Kiapo hicho tulikijua tangu mwanzo, na hakikututisha, kwa maana kwetu halikuwahi kuingia hata tone la pombe.

Wakesho alikuja jikoni akiwa amevimba macho. "Baba, Senge amesikia. Anakuja Jumamosi. Barasa anasema hatauliza kitu. Ataangalia tu."

"Nitamweleza."

"Hataki kuelezwa. Baba yake Barasa alikuwa anaeleza vizuri sana."

Nililala na neno hilo. Mtu aliyedanganywa na mlevi kwa miaka hasadiki maelezo; kadiri yanavyokuwa mazuri ndivyo anavyozidi kuyaogopa. Ningefanya vivyo hivyo mahali pake.

Jumamosi Mama Wakesho alipika kuku, pilau na chapati, akavifunika vizuri. Senge akaingia na Barasa nyuma yake. Alikuwa mama mnene, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mkoba aliouweka mapajani na kutouachilia.

"Bwana asifiwe."

"Amina. Karibu, Senge. Kaa hapa penye mto."

"Hapa panatosha," akasema, na kukaa karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo upepo wa uani ungemfikia. Nikaona mianzi ya pua yake ikifanya kazi. Mke wangu akamletea maji ya kunywa. Aliinua bilauri, akainusa, akaitazama kwenye mwanga, ndipo akanywa kidogo sana.

"Chakula kiko tayari, Senge," akasema Mama Wakesho.

"Asante, mama. Nimeshiba njiani."

Mnajua maana yake. Mtu hatoki upande wa pili wa reli akashiba njiani. Anayekuja kwa shauri la ndoa akakataa chakula amekwisha kujibu, bado tu kuaga. Barasa aliangalia viatu vyake. Wakesho alitoka.

Nilimfuata mke wangu jikoni. "Nipe kinu."

"Kinu cha nini?"

"Nitatengeneza ile kachumbari. Pale pale mbele yake."

"Utatwanga mbele ya mkwe? Mwanamume? Si wataenda kusema na hilo pia!"

"Kuku wako amefunikwa. Kila kilichofunikwa leo ni pombe. Kinu hakina kifuniko."

Nilikibeba mpaka sebuleni, nikakaa kwenye kigoda, magoti yangu yakitazamana na ya Senge. Nilipanga vitu vyote vya kutwanga juu ya sinia mahali anapoviona, nikaanza kuponda kitunguu saumu na pilipili.

Alinitazama mikono. Baada ya muda akauliza, "Hiyo nini?"

"Uduvi. Kamba wa kukaushwa."

"Na hiyo?"

"Sukari guru."

Shingo yake ilikakamaa. Kila mtu anajua wanaonunua sukari guru kwa wingi ni wapika pombe. Nilikivunja kipande kidogo, kama ukucha, nikakitia, nikarudisha kilichobaki mbele yake. Akakipima kwa macho.

"Na hiyo?"

"Papai."

"Bichi?"

"Bichi."

Alinyanyua macho polepole akamtafuta Wakesho, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamtazama tumbo. "Papai bichi," akasema, "katika nyumba yenye msichana anayeposwa. Mnatoa nini nalo?"

"Senge!" akasema Barasa.

"Nyamaza wewe. Nauliza."

Mama Wakesho alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama, huyo msichana hana kitu cha kutolewa. Papai hili analila baba yake kila wiki, na yeye mpaka leo hajaharibu mimba."

Barasa alikohoa ili asicheke. Senge hakucheka, lakini aliushusha mkoba mapajani na kuuweka miguuni. Nikaliona hilo. Nikaendelea kubembeleza mchi. Kamua ndimu, geuza, ponda. Kilichobaki kilikuwa chumvi, na mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma yangu, nilikokuwa nimeweka maji ya samaki bila kufikiri, kama ulivyozoea. Niliinua chupa.

Ndipo nilipoiona kwa macho yake.

Barasa alifumba macho. Mke wangu akasema kitu kwa Kidawida ambacho sitakirudia.

"Chupa hiyo naijua," akasema Senge. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ndugu yangu alikuwa nazo kitandani, chini, na juu ya kabati. Alikuwa akiniambia ni mafuta ya taa."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa na habari za kioo cha kahawia na mwanga, zote za kweli, na nilizihisi zikipanda mdomoni. Nilizimeza. Nikatoa kizibo, nikamnyooshea chupa kwa mikono miwili.

"Usiniamini," nikasema. "Nusa."

Aliipokea. Alinusa, akarudisha kichwa nyuma, akanusa tena kwa muda mrefu zaidi. Alimwaga tone kiganjani, akaligusa kwa ulimi. Tulimngoja. Nje mtoto wa mtu alikuwa akimwita mbuzi.

"Mimi nimezaliwa kando ya ziwa," akasema. "Hii ni samaki."

"Ndiyo."

"Mmemwozesha makusudi?"

"Makusudi, Senge. Kwa chumvi."

"Mnaozesha samaki makusudi, halafu mnamficha ndani ya chupa ya pombe." Alimgeukia Barasa. "Hawa ndio watu umetafuta?"

Barasa akashindwa kujizuia. Wakesho naye. Senge aliwangoja wamalize kucheka, kama mwalimu, kisha akanirudishia chupa. "Tia."

Nikatia, nikageuza, nikapakua kwenye sahani, nikamwekea. Hakuigusa.

"Onja wewe kwanza."

Nilikumbuka kikombe cha mayai, na Mzee Kombo akiniambia kwamba mpishi hali mbele ya mgeni. Sheria nyingine zimetungwa kwa ajili ya wageni wasiokushuku. Nilichukua kijiko, nikala, na yeye akalitazama koo langu mpaka nikameza. Hakutosheka. Alingoja tena kidogo, kama mtu anayengoja dawa ifanye kazi, ndipo akavuta sahani.

Alikula kijiko kimoja. Akala cha pili. Cha tatu kilipofika pilipili ilikuwa imemkuta, maana sikuwa nimeipunguza. Macho yalijaa, machozi yakamshuka mashavuni. Mama Wakesho alikimbilia maji.

"Wacha," akasema Senge.

Aliendelea kula na machozi yakiendelea. Hakuyafuta. Barasa alimtazama mara moja, akageuka akaangalia ukuta. Sijui kama wakati ule alikuwa akilia pilipili au akimlilia ndugu yake, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Alimaliza sahani, akaikwangua kwa kijiko, akaiweka chini, akajifuta uso mzima kwa leso.

"Baba Wakesho," akasema, "mimi sijakuamini. Nimekula tu."

Huko jikoni mke wangu alipiga vigelegele mpaka jirani akaitikia. Kwao na kwetu, aliyekula amejibu.

"Huyo anapiga kelele za nini?" akauliza Senge. "Nimesema sijamwamini." Alivuta kiti chake mbele, mbali na ule mlango wa nyuma, mpaka kikagusa meza. "Basi leteni hiyo kuku. Lakini sufuria ifunuliwe hapa, nikiona."